Likipoa Linawaka, Likipata Moto Linagoma

Kuna ugonjwa wa magari ya dizeli uliozoeleka kiasi kwamba madereva wengi wameshaupangia ratiba. Asubuhi pikapu inawaka mara moja na inapanda milima na mzigo wake bila kulalamika. Mchana dereva anasimama Segera kula, anazima gari, na akirudi baada ya robo saa stata inazunguka vizuri lakini injini haishiki. Basi dawa inakuwa ni kutozima. Gari linaachwa linaunguruma nje ya hoteli, linaunguruma sokoni, linaunguruma hata kituo cha mafuta, na likilazimika kuzimwa linatafutiwa mteremko. Mara nyingi ugonjwa huo unakuja na mwenzake: gari likiwa sailensi, yaani bila kukanyagwa mafuta, linatikisika mpaka kioo cha pembeni hakionyeshi kitu.

Nazungumzia hasa Toyota Hilux za injini ya 2L, 3L na 5L pamoja na Land Cruiser za 1HZ, dizeli za zamani zenye pampu ya kuzunguka isiyotegemea kompyuta, kwa kuwa ndizo zinazobeba mkaa, mahindi, maji na wagonjwa katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki mpaka leo. Isuzu na Nissan za rika hilo zinaumwa vivyo hivyo. Mwenye petroli ya kabureta avute subira, zamu yake ipo mbele. Lakini mwenye D-4D au dizeli nyingine ya komoni reli asithubutu kufuata kipimo cha kulegeza mabomba nitakachoeleza. Presha humo hupita baa 1,000, na dizeli inayotoka kwa nguvu hiyo inapenya ngozi ya mkono.

Kabla ya kushika spana, kataa gari kupimwa likiwa limepoa. Fundi akiletewa gari lililolala uani usiku kucha atapiga stata, litawaka, na kinachobaki ni kubahatisha. Mpelekee likiwa limetoka safari. Lizimwe hapo hapo gereji, likae dakika kumi na tano au ishirini, kisha lipigwe stata mbele ya macho yenu wote. Usishangae kwamba linakuwa gumu zaidi baada ya kukaa kidogo kuliko pale pale linapozimwa: feni imesimama, maji hayazunguki tena, na joto la injini linapanda kwenda kwenye pampu na mabomba ya dizeli.

Na kubahatisha kwenye dizeli karibu siku zote huanzia kwenye hita plagi, kwa sababu ni rahisi kuzibadilisha na ni rahisi kuziuza. Hita plagi kazi yake ni kupasha moto chumba cha kuwakia wakati chuma kimepoa. Injini iliyotoka kupanda mlima Kitonga ina moto wake yenyewe, na mgandamizo wa zaidi ya 20 kwa 1 unatosha kuwasha dizeli bila msaada. Hita zikifa zote utateseka alfajiri ya Makambako au Limuru, si saa saba mchana tambarare. Ikitokea kwamba injini ya moto inashika tu ukiipigia hita, usiipongeze hita. Maana yake ni kwamba dizeli inayofika ni kidogo au inapulizwa vibaya, na hita inabeba mzigo usio wake.

Sasa sikiliza stata. Inazunguka kwa kasi ile ile ya asubuhi, au inajikokota? Ikijikokota, acha habari za pampu kwanza. Bushi za stata zikilika, amecha huanza kukwaruza ikipata joto, na stata iliyokaa jirani na ekzosi hupata joto kwelikweli. Betri nayo ipimwe: ikiwa imepumzika isome volti kama 12.6, na wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 10 au hapo karibu. Ila kabla ya kulaumu betri, angalia waya wa hasi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na injini. Kwenye gari la miaka thelathini waya huo kwa nje unaonekana mzima, kumbe ndani ya kile kibano cha mwisho umegeuka kijani. Chukua waya mmoja wa kubustia betri, ubane upande mmoja kwenye hasi ya betri na upande wa pili kwenye chuma kitupu cha injini, kisha piga stata. Ikichangamka, tatizo lako ni la waya, na fedha ya pampu inabaki mfukoni.

Stata ikiwa nzima, mtu mmoja apige kwa sekunde kama kumi na mwingine asimame nyuma atazame ekzosi. Hakuna kipimo cha bei rahisi kuliko hiki, na sijui kwa nini gereji nyingi hazikifanyi. Moshi mweupe au wa kijivu unaonuka dizeli mbichi una maana kwamba mafuta yanafika kwenye silinda ila hayawaki: nozo inadondosha badala ya kupuliza, au taiming ya pampu imechelewa, au mgandamizo ni dhaifu. Kama hakuna moshi hata kidogo, mafuta hayafiki. Njia hizi mbili zinaachana hapa, na ukizichanganya utanunua vitu usivyovihitaji.

Tuanze na pasipo moshi. Kichwani mwa pampu, karibu na mabomba yanayokwenda kwenye nozo, kuna solenoidi ndogo ya kukata mafuta. Ukifungua swichi inatakiwa ilie "tiki" na kuachia dizeli ipite. Koili yake ikizeeka, joto linaidhoofisha. Wakati mwingine solenoidi ni nzima ila swichi ya ufunguo inaikatia umeme pale tu unapozungusha stata. Kujua ni kazi ndogo: vuta waya moja kwa moja kutoka chanya ya betri mpaka kwenye solenoidi, piga stata. Ikishika, fuata nyaya na swichi. Isiposhika na "tiki" hausikiki, solenoidi ndiyo ya kubadilisha. Kumbuka tu kuuchomoa waya huo baadaye, kwa kuwa ukiuacha gari halitazima kwa ufunguo.

Solenoidi ikipita mtihani, tumebaki na pampu yenyewe. Ndani yake kuna pistoni ndogo, mafundi wengi huiita planja, inayofanya kazi ndani ya kichwa cha chuma kwa nafasi ya sehemu chache tu za elfu za milimita. Hakuna ringi wala oringi inayoziba nafasi hiyo; kinachoziba ni ukaribu wa vyuma na uzito wa dizeli. Planja ikilika nafasi inapanuka. Dizeli ya asubuhi ni nzito, inaziba. Ya mchana imepata moto, imekuwa nyepesi kama maji, inapenya na kurudi ilikotoka kabla presha haijafika ya kufungua nozo, ambayo kwa injini hizi ni zaidi ya baa 100. Ni kama pampu ya baiskeli yenye ngozi iliyochoka: ukisukuma haraka tairi linajaa, ukisukuma polepole upepo unarudi pembeni. Na stata inasukuma polepole. Injini ikizungushwa na stata mara 200 kwa dakika, pampu inazunguka 100 tu, kwa sababu mwendo wake ni nusu ya mwendo wa injini. Ikishawaka, planja inakwenda kasi kiasi kwamba dizeli haipati muda wa kukimbia. Ndiyo maana gari lile lile linalogoma kuwaka linavuta tani moja mlimani bila shida, na ndiyo maana mwenye gari hukataa kabisa akiambiwa pampu imekwisha.

Kwa hiyo mthibitishie kwa kitambaa. Gari likiwa moto na limegoma, chukua kitambaa kinene kilicholowa maji ya kawaida, kifunike kichwa cha pampu pale mabomba ya nozo yanapotokea. Kikipata moto kiloweshe tena. Baada ya dakika tano hadi kumi piga stata. Ikishika wakati injini yenyewe bado haishikiki kwa moto, jibu umelipata: umepoza pampu peke yake, na pampu peke yake ndiyo iliyobadilika. Isipobadilika kitu, usikimbilie kuishusha. Tafadhali iwe kitambaa, na injini iwe imezimwa. Wapo wanaomwaga ndoo nzima ya maji baridi juu ya pampu ya moto, nao ni wale wale ambao pampu zao hukwama au kupasuka kichwa.

Kinachoila pampu kabla ya umri wake ni maji, uchafu na mafuta ya taa. Pampu hii haina oili yake. Inalainishwa na dizeli inayopita ndani, na mafuta ya taa ni membamba, hayalainishi vizuri. Biashara ya kuchanganya ilikuwa kubwa kiasi kwamba Tanzania, kupitia EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuiondolea faida. Pikapu ya mwaka 1995 imeipitia miaka hiyo yote na tangi lake. Ukimpata mwenye gari anayejisifu kwamba hununua dizeli ya kwenye madumu pembeni ya barabara kwa bei ya chini, pampu yake itakuja kumdai tofauti ya bei hiyo yote.

Viraka vipo. Kuna fundi atakayezungusha skrubu ya wingi wa mafuta ili pampu imwage zaidi, na kweli gari litawaka likiwa moto. Litaanza pia kutoa moshi mweusi, kula dizeli, na kupandisha joto mlimani. Wengine huongeza oili kidogo kwenye tangi ili dizeli iwe nzito. Kama uko Tunduru na unataka kufika Songea, sikulaumu. Ila anayekaa na kiraka hicho mwaka mzima anaharibu na pistoni.

Kiraka nisichokivumilia ni petroli au dawa ya kupuliza kwenye ea klina. Dizeli ya mgandamizo mkubwa haingojei wakati wake ikipewa kitu chepesi namna hiyo. Inalipuka pistoni ikiwa bado inapanda. Hita ikiwa imewaka, moto unaweza kukurudia usoni. Ringi hukatika, na mkono wa pistoni unaweza kupinda. Mtu akikuletea chupa ya petroli gari limegoma, mshukuru, na umwombe akusaidie kusukuma.

Kuhusu hewa niseme kwa ufupi kwa sababu inasingiziwa sana. Gari lililovuta hewa kwa kawaida husumbua asubuhi: usiku dizeli inarudi tangini, na asubuhi unapiga stata ndefu mpaka ipande tena. Likisumbua asubuhi na pampu ya mkono juu ya chujio ikawa laini ukiibonyeza, tafuta mpira uliopasuka au oringi ya chujio. Unaweza kuweka kipande cha mpira mwangavu kwenye njia ya kuingilia pampu na kutazama mapovu. Njia ya uhakika zaidi ni kuning'iniza dumu safi la dizeli juu kuliko pampu na kulisha injini moja kwa moja kutoka humo. Sailensi ikitulia, ubaya uko kati ya tangi na pampu, na hiyo ni kazi ya mipira na klipu tu.

Kutikisika kwa sailensi kuna mambo yake. Kwanza mauntingi. Mpira wa mauntingi ukiisha, injini nzima kabisa itaonekana ina kifafa. Weka jeki yenye kipande cha ubao chini ya sampu, inyanyue injini kidogo sana, uone kama mpira umeachana na chuma. Pili kasi ya sailensi yenyewe: dizeli hizi zinataka mizunguko kati ya 650 na 800 kwa dakika, na mtu aliyeishusha ili "isile mafuta" amejinunulia mtikisiko bure. Ipandishe kidogo uone.

Bado inamisi? Injini iwe inazunguka, na uvae miwani. Zungushia kitambaa nati ya bomba la nozo ya kwanza, ilegeze kwa spana namba 17 nusu mzunguko, sikiliza, kaza. Nenda ya pili. Silinda nzima ukiikatia mafuta injini inashuka na kutikisika zaidi. Silinda mgonjwa ukiikatia hakuna kinachobadilika, maana haikuwa inafanya kazi. Ukishaijua, zima, hamisha nozo yake uipeleke silinda ya jirani, na ya jirani uilete hapo, kwa washa mpya za shaba. Rudia kipimo. Kumisi kukihama na nozo, peleka nozo zote zikapimwe kwenye mashine: presha ya kufunguka, namna zinavyopuliza, na kama zinadondosha baada ya kufunga. Kumisi kukibaki pale pale, usinunue nozo hata moja. Kubaki pale kunaelekeza kwenye mgandamizo, au mara chache kwenye tundu moja la pampu.

Na hapa ndipo penye kitu kinachosahaulika kuliko vyote, tapeti. Watu wanaziogopa tapeti zinazogonga. Mimi naziogopa zilizonyamaza. Valvu ikikalia kiti chake miaka mingi huzama taratibu, na nafasi ya tapeti inapungua mpaka kwisha. Injini ikiwa baridi valvu bado inafunga. Ikipata moto shina lake linarefuka, linasukumwa na kemu, na valvu inabaki wazi kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho. Mgandamizo unapotea. Gari linawaka vizuri asubuhi, likipata moto linatikisika kwenye sailensi na linakataa kuwaka likizimwa, yaani dalili zile zile za pampu iliyokwisha! Tofauti ni kwamba kitambaa cha maji hakitasaidia, na ekzosi itatoa moshi mweupe wakati wa stata. Kwenye 1HZ nafasi ya ulaji ni kati ya milimita 0.15 na 0.25, na ya ekzosi 0.35 hadi 0.45, injini ikiwa baridi. Zinarekebishwa kwa shimu za unene tofauti, kwa hiyo fundi asiye na maikromita atakuambia hazihitaji kuguswa. Tafuta mwenye nayo.

Baada ya tapeti ndipo mgandamizo upimwe kwa geji ya dizeli, injini ikiwa moto na betri imejaa. Namba yenyewe inategemea geji na kasi ya stata, hivyo tazama tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi kama kilo 5 kwa sentimita ya mraba, kuna silinda iliyoachwa nyuma. Mwagia oili kijiko kimoja humo na upime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gaskiti ya silinda hedi.

Zamu ya petroli. Hilux ya 22R yenye kabureta inagoma ikiwa moto kwa sababu nyingine kabisa. Ukizima, joto linapanda kwenye kabureta, petroli iliyomo kwenye bakuli lake inachemka na kumwagikia kwenye menifoldi, na injini inazama kwenye mafuta. Fungua ea klina unuse. Harufu kali ya petroli ikikupokea, kanyaga pedali mpaka chini, ishikilie hapo bila kuipampu, na upige stata mpaka ishike. Kuipampu ni kuongeza petroli kwenye gharika. Ikiwa jambo hili linatokea kila siku, angalia kile kipande kinene cha kuzuia joto chini ya kabureta, nidoli na kiti chake, na kiwango cha mafuta kwenye floti. Kama hakuna harufu ya petroli, chomoa plagi moja uone moto: koili inayochoka hukata umeme ikipata joto na hurudi ikipoa, na imewatoa watu fedha nyingi za kusafisha kabureta isiyo na kosa. Kutikisika kwa sailensi kunakopotea ukikanyaga mafuta kwa kawaida ni mpira wa vakiamu uliopasuka au tundu la sailensi la kabureta lililoziba. Tapeti za 22R zinapimwa injini ikiwa moto, 0.20 ulaji na 0.30 ekzosi, na zinarekebishwa kwa bisibisi na spana, hivyo hakuna kisingizio.

Turudi kwa yule ambaye kitambaa kimemhukumu. Pampu inashushwa, na kabla haijashushwa hakikisha fundi amechora alama inayopita kwenye pampu na kwenye injini, ili irudi kwenye taiming yake. Ikirudi imechelewa utapata moshi mweupe na ugumu wa kuwaka. Ikirudi imewahi injini itagonga kama nyundo. Ipelekwe kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia, si kwa mwenye meza na bisibisi. Mwombe aipime kabla hajaifungua, akuonyeshe kiasi inachotoa kwa mwendo wa stata, na aipime tena ikishafungwa kichwa kipya. Chukua kichwa cha zamani mkononi, linganisha namba zilizochongwa na za kile kipya, kwani vichwa bandia vimejaa kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani na Kirinyaga Road, na vingine havimalizi msimu wa mvua. Kama muuzaji hataki ulinganishe, nenda duka la jirani.

Wakati pampu iko kwa fundi, mwaga tangi, lioshe, weka chujio jipya, na toa maji kwenye kikombe cha chini ya chujio. Pampu mpya juu ya tangi lenye matope itarudi mezani. Ikishafungwa, piga pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, legeza nati za nozo, piga stata mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza. Litawaka, na hapo fundi atakunyooshea mkono. Mwambie mpande wote wawili, mwende mwendo wa saa moja na mzigo, mzime, mnywe chai kwa dakika ishirini, kisha apige stata yeye mwenyewe. Salio lilipwe hapo.